Ufuta wa Baba Umepimwa

Dada yangu,

Mimi mzima, ila paka wa jirani bado anadhani kwangu ndio kwao. Ufuta nauza, na mdomo huu unavyoujua, wateja wanacheka kwanza ndipo wananunua.

Sasa nimepata mnunuzi mpya, mtu wa vipimo. Alichukua ule ufuta anaotutumia baba kila mavuno, akaupeleka maabara. Eti wanausaga, wanaangalia madini uliyoyanyonya ardhini, wanajua umeota wapi. Nikamwambia, "Bosi, nipime na mimi, mama mkwe anadai sina kwetu!" Akacheka. Kisha akasema wameulinganisha na ufuta wa majirani zetu kule nyumbani, na udongo sio huo kabisa. Umetoka mbali.

Nikampigia baba nimtanie. "Mzee, mashine inasema shamba lako limehama!"

Nilingoja anitukane kama kawaida yake. Lakini akasema, "Macho yamekwisha, mwanangu. Hata jembe nalipapasa. Ufuta nanunua sokoni ndio nawatumia, msije mkasema baba yenu hajiwezi."

Dada, nilimwomba msamaha. Mimi!

Anasema shamba ni majani matupu mpaka mlangoni, na tangu mama afariki anakaa humo peke yake. Ameniapisha nisikwambie, maana utaacha kazi urudi. Nikaapa, nikakata simu, nikatafuta kalamu.

Rudi, dada. Peke yangu sitaweza kumchekesha.

Mdogo wako,
mropokaji yule yule