Unga Uliokunywa Ukungu

Mtaa wa Ramadhani, Njombe

Kamwene, mjukuu wangu Upendo. Huku baridi imetubana, babu yako habanduki jikoni, na mjomba wako amefika salama Makambako na mbao zake.

Umeniuliza watafiti wangapi wametaja kazi zangu za zeolaiti, maana makala yako ina mwaka mzima haijatajwa na yeyote. Sijui idadi. Najua tu kwamba inayotajwa zaidi ndiyo niliyoona aibu kuiandika.

Nilikuwa bado msichana. Zeolaiti yangu, ule unga wa jiwe lenye vitundu visivyoonekana, tunaoutumia kuharakisha kemikali kubadilika, ilikuwa na uzito tofauti kila asubuhi, nami nilishachapisha matokeo. Nikaja likizo nyumbani kijijini Ipelele nimenuna. Mama alikuwa anafunika maua ya pareto yaliyokauka. Nikamweleza.

“Unaulaza wazi?” akauliza. “Si utakunywa ukungu? Hata pareto umeisahau?”

Niliona haya. Nikarudi maabara, nikaukausha unga, nikaufunika, nikapima upya. Matokeo yangu ya kwanza yakaanguka yote. Nikaandika kurasa mbili tu: nilikosea, funikeni unga kabla ya kuupima. Hizo ndizo wanazozitaja mpaka leo.

Jana nimezisoma tena. Mwishoni nimemshukuru profesa, fundi wa maabara, hata aliyenipigia chapa. Mama hayumo.

Kwa hiyo ukiandika makala tena, mjukuu wangu, kwenye shukrani mimi niache. Mtaje yeye: Eliza, mkulima wa pareto, Ipelele.