Kaka Yangu Atahubiri Neno la Wachina Akidhani ni la Maandiko

Mama Yudita mpendwa, pokea salamu zangu kutoka Newburg, hapa Louisville, na naomba unisaidie haraka kwa sababu moyo wangu hautulii, nikikaa nasimama, nikisimama natafuta pa kukaa, na Jumapili ya Akina Mama imebakiza wiki mbili tu.

Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani, na tangu mwaka jana wa 2014 namhudumia Mmarekani mmoja wa miaka themanini na saba ambaye alikuwa profesa wa vitabu vya kale vya Wachina, vile vya maadili, vilivyoandikwa kabla Yesu hajazaliwa, na kwa kuwa macho yake yamekwisha, nikishamwogesha na kumpa uji wake ananiomba nimsomee, mimi na Kiingereza changu cha kuokoteza, tunakwenda mstari kwa mstari naye ananieleza, na nikuambie kweli, Mama, mwanzoni nilisoma kwa sababu ni kazi, lakini siku hizi hata nikiwa kwenye basi nayafikiria maneno yale, maana wale watu wanazungumza mambo ya kwetu kabisa, mtoto na mzazi, mdogo na mkubwa, namna ya kumwamkia mtu na namna ya kulia msiba.

Kuna mahali wanafundisha kwamba chakula cha mzazi hakihesabiki kama umekileta na uso uliokunjwa. Hilo lilinichoma. Sasa sisi tumezaliwa watatu, kaka yangu mkubwa Bagula yuko Columbus, karibu na Morse Road, mdogo wetu Gaël yuko Buffalo, upande wa East Side, na mama yetu tangu tufike Amerika tunampokezana, miezi minne kwa kila mmoja, mpaka siku hizi hafungui hata sanduku lake. Mwezi wa tatu ilikuwa zamu ya Bagula, akaanza kusema nyumba ni ndogo, mke wake Esperance amebadilishiwa saa za kazi, Gaël naye akasema baridi ya Buffalo imemmaliza mama magoti, tukagombana wote watatu kwenye simu, ndipo nikalitoa lile neno la Wachina bila kusema ni la nani.  Bagula akauliza, “Clémence, ile neno iko mu Maandiko? Iko wapi?”

Mama Yudita, kaka yangu ni mzee wa kanisa, tena ni mtu aliyewahi kutupa kalenda ya mkahawa wa Kichina kwa sababu ilikuwa na picha ya joka. Nikaogopa. Nikamjibu, “Iko mu bile bitabu ya Wakatoliki, bile sisi hatuna.” Kaka alilia, nilimsikia. Akasema, “Bon, mumulete mama. Nimekosa.”

Tangu hapo mama yuko kwake na anatunzwa vizuri, ameniambia mwenyewe kwamba Bagula humpelekea chai kabla ya kwenda kazini na hukaa naye mpaka aimalize. Lakini sasa amepewa kuhubiri Jumapili hiyo ya Akina Mama na amechagua neno hilohilo, ameshalitangaza kanisani, ameazima Maandiko ya jirani yake Mkatoliki aitwaye Theogene, anapekua ukurasa mmoja mmoja, na kila mapumziko ya mchana ananipigia, “Dada, sura gani? Aya gani? Donc, hata Theogene haijue!” Jana nilimdanganya kwamba simu inaisha chaji. Nikisema ukweli atasema nimemwingizia neno la wapagani nyumbani, na namjua, anaweza kumrudisha mama Buffalo wiki hiyohiyo, nikinyamaza atasimama mbele ya kanisa zima na aibu itampata yeye, na nimefikiria hata kutafuta aya yoyote inayofanana kidogo nimpe, yaishe.

Na kuna jambo jingine naona haya kuliandika. Juzi nikimsomea profesa, mama alipiga simu, nikamjibu kwa ukali kwamba niko kazini asinisumbue, halafu nikarudi kwenye kitabu na kuendelea kusoma kwa sauti nzuri.

Asiyetulia, Newburg

*

Binti yangu, pole. Umenitia huruma mpaka machozi, sasa keti nikuseme.

Umemdanganya kaka yako juu ya Maandiko, yeye aliye mzee wa kanisa, na umewaburuza Wakatoliki wasiohusika. Huyo Theogene amekukosea nini mpaka apekuliwe kitabu chake? Na hukuwa na haja. Wahenga wetu walishasema akufukuzaye hakwambii toka, na mwenye kufukuzwa husoma usoni. Ungelisema hilo, Bagula angekuelewa bila kuuliza aya.

Hiyo aya ya kufanana usiitafute. Njia ya mwongo ni fupi, na yako inaishia mimbarini, ila atakayekuwa amesimama pale ni kaka yako.

Sasa fanya hivi. Simu acha. Jumamosi hii panda basi uende Columbus, umwombe Bagula mzungumze wawili, na usianze na Wachina wala profesa. Anza na “Kaka, nilikudanganya, nisamehe,” kama mdogo anavyomwomba mkubwa, kisha nyamaza umwache akasirike. Atakasirika. Akianza habari za upagani, mwulize chai anayompelekea mama yake kila asubuhi ni dhambi ya kabila gani. Amri ya kumheshimu baba na mama anaijua tangu utoto, ahubiri hiyo, na neno la Wachina akipenda alitaje kama la Wachina, asipopenda aliache. Mimi siamini atamtoa mama. Alilia kwa sababu alijiona, na mtu akishajiona hapotezi macho kwa kukosa aya. Lakini nikikosea, mama anakuja Newburg kwako. Gaël asilipie uongo wako.

Kuhusu profesa, endelea kumsomea, ni kazi njema na unajifunza. Ila nguo uliyomshonea kaka yako hukuijaribu mwilini mwako kwanza, na hilo unalijua, ndiyo maana umeliandika mwisho kabisa.

Jambo moja limeniudhi kuliko yote. Barua yako nimeisoma mara mbili. Nimejua magoti ya mama yako, nimejua zamu zake, nimejua nani hana nafasi na nani amebadilishiwa saa. Mahali anapotaka kuishi sijapaona, na nadhani hata ninyi watatu hampajui. Kikao kijacho, aanze kusema yeye.