Sifuri Niliyompa Zaina

Jumatatu, 6 Juni 1994
Vidonge viwili kabla ya uji, kimoja baadaye. Miguu imevimba hadi magotini. Daktari haniambii tena nitapona, ananiambia nipumzike.

Nilimwomba Zaina asome maandishi ya kwenye pakiti ya dawa. Nilisahau kwamba hajui kusoma. Akacheka. Kichwa chake kibuyu kitupu, anasema, na mimi mwenyewe ndiye niliyekigonga nikasikia. Utani wa miaka arobaini. Tangu mke wangu afariki Zaina anakaa chumba cha uani, ananipikia, ananifulia. Sina mtu mwingine hapa Kilosa.

Jumatano, 8 Juni
Kalinga alikuja kutoka Mikumi. Nilimfundisha saikolojia chuoni. Siku hizi watu binafsi wanaruhusiwa kufungua shule, naye anajenga yake kando ya barabara kuu. Anataka sanduku langu la vipimo vya akili: vibao, picha, saa. Atachuja watoto. Watatu watakaoongoza watasoma bure. Njia ya kisayansi, anasema. Neno hilo nilimpa mimi.

Nikamwambia arudi Jumapili. Ningekataa palepale. Niliogopa angeuliza sababu.

Alhamisi, 9 Juni
Nimepitia madaftari yangu ya kufundishia. Kwanza wanafalsafa, wakiulizana roho inakaa wapi. Halafu Wajerumani na maabara, wakipima kwa saa mtu anachukua muda gani kuitikia mlio. Halafu yule Mfaransa aliyetunga maswali ili watoto wanaochelewa kuelewa wasaidiwe. Halafu waliokuja baada yake, wakayatumia maswali hayo kupanga nani awe juu, nani chini. Nilifundisha yote kama ngazi inayopanda. Somo zima halina mtoto hata mmoja mwenye jina.

Mimi ninaye mmoja. Leo amenipikia mchicha.

Jumamosi, 11 Juni
Mwanawe Zaina amemwandikisha binti yake, Mwajuma, akapimwe kwa Kalinga. Zaina amekuja kuniomba jina lifutwe.

"Ukoo wetu unajulikana kwa vichwa vitupu, Mwalimu. Usimwaibishe mtoto."

Kifua kimebana. Niandike sasa, kabla mkono haujagoma.

Enzi za Mwingereza nilikuwa msaidizi wa mtafiti. Tulikwenda Zombo kupima watoto kwa ajili ya nafasi za shule ya bweni. Amri ilikuwa moja: usitamke neno lisiloandikwa kwenye karatasi, la sivyo kipimo kimeharibika. Zaina aliingia, akapiga magoti, akasema shikamoo. Neno marahaba halikuwa kwenye karatasi. Nikabonyeza saa. Nikasoma swali la kwanza.

Hakujibu. Mtoto aliyelelewa na bibi yake hawezi kuanza kuzungumza na mkubwa ambaye hajapokea salamu yake. Alibaki amepiga magoti, macho chini, akingoja. Nikasoma maswali yote kumi na mawili. Nikaandika sifuri kumi na mbili.

Nilijua. Nami nililelewa hivyo hivyo. Niliogopa kufukuzwa kazi. Kisha nikaenda mwenyewe kwa bibi yake nikamwambia akili ya mtoto haitoshi shule. Ilipokuja elimu ya watu wazima, Zaina alikataa kwenda. Alisema Mwalimu alishampima.

Nikimwambia, ataondoka. Nitafia kitandani humu peke yangu. Nisipomwambia, nitakwenda na jambo hili mbele ya Mungu. Naogopa yote mawili. La kwanza liko karibu zaidi.

Jumapili, 12 Juni
Nimemnyima Kalinga sanduku. Nikamwambia vibao vile vilipima adabu ya mtoto na woga wangu, basi. Alinitazama kwa huruma. Alipotoka nilimsikia akimwambia jirani kwamba mzee ameanza kuchanganyikiwa.

Nikamwita Zaina. Nikamweleza yote, hata habari ya bibi yake. Alisikiliza amesimama, mwiko mkononi.

"Ulijua siku ileile?"

"Siku ileile."

Akaipua sufuria. Akakunja kanga zake. Akaenda zake Zombo.

Jumanne, 14 Juni
Jirani ameniletea chai. Sikumaliza. Kila hatua barabarani nadhani ni yeye. Nikidhani ni yeye naogopa, nikiona si yeye naogopa zaidi.

Ijumaa, 17 Juni
Pumzi fupi. Nimelala kwa kuketi. Vidonge nimevichanganya.

Jumapili, 19 Juni
Zaina amerudi. Hakusema amenisamehe, nami sikuuliza. Alifagia, akabandika uji, akavuta kigoda karibu na kitanda. Ameuliza jambo moja.

"Wengine?"

Sikuelewa. Akasema siku ile nje ya chumba kulikuwa na foleni. Wote walilelewa na watu wazima, wote walijua kuamkia. Wengine nao waliambiwa hawana akili.

Miaka yote hii nilimwogopa mtu mmoja. Foleni sikuikumbuka.

Akaniambia nichukue daftari. Anataja, naandika. Jina la mtoto, jina la baba, alikaa upande gani wa mto, yuko wapi sasa. Wanne wamekwishakufa. Mmoja yuko Ruhembe, anakata miwa. Nilipokosea jina la baba wa mmoja alinisahihisha, nikafuta, nikaandika upya.

Tumefika jina la kumi na saba. Amenyanyuka kuepua uji, amesema nisifunge daftari.