Ngoma Iliyopasuka Siku ya Mavuno

Kijiji cha Mamba,
Mpimbwe, Katavi.
11 Mei 2025.

Mpendwa mwanangu Gaspar,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo huko Tanga? Kile kikohozi ulichoondoka nacho kimekuacha, au bado unakibembeleza? Na unakula? Sisi huku wazima, isipokuwa goti langu, ambalo kila msimu wa kuvuna mpunga linakumbuka umri wake. Mama yako mzima. Baba yako mzima pia, na ndiye aliyenifanya nishike kalamu.

Najua unajiuliza kwa nini shangazi ameacha simu akaandika barua. Ni kwamba nikimtaja baba yako simu unaikata, na barua haikatiki. Mdogo wako Lucia anakwenda Mpanda kesho, ataikabidhi kwenye basi.

Mpunga mwaka huu umekubali. Ndege wanatutoa jasho, lakini hata wakila watatuachia. Misa ya mavuno ni mwezi ujao, na kwa kuwa najua moyo wako umeshtuka kusoma maneno hayo, sitazunguka mbuyu.

Mwaka jana ulifanya kosa. Ngozi ya ngoma kubwa uliiwamba vizuri ikiwa na maji yake, kama inavyotakiwa, ila uliiwamba Jumamosi na Misa ni Jumapili. Ukawasha majani makavu ya mpunga kuikausha, kama tunavyopasha ngoma kuukuu, ukasahau kwamba moto wa majani una pupa na ngozi mbichi haitaki pupa. Nje ikaungua, ndani bado maji. Katikati ya wimbo wa matoleo ikapasuka, kanisa zima likageuka. Ni kosa la haraka tu, mwanangu, na ungelirekebisha.

Kilichofuata hakikuwa kosa lako. Baba yako alisimama mlangoni pa kanisa akakuambia mbele za watu, "Ngoma ikilia sana hupasuka, na wewe ndiyo hivyohivyo, kelele tupu." Lile neno lilinichoma hata mimi. Hakuna aliyekumbuka kwamba ni wewe peke yako uliyefikiria kuchonga mashuke ya mpunga kuzunguka mzinga wa ile ngoma. Kabla yako ngoma zetu zilikuwa magogo tu. Ulipopanda basi kesho yake, nililia lakini sikukulaumu.

Sasa sikia yaliyompata yeye. Ngoma kubwa ilikuwa imepasuka na ile ndogo imechakaa, akajitapa kwamba ataziwamba zote mwenyewe. Akachukua ngozi kwa jirani yetu Masalu, unajua ng'ombe hawamwishi. Moja akaikwangua manyoya mpaka ikatoboka. Nyingine akaianika juani, ikakakamaa kama bati. Nyingine akaisahau kwenye maji, ikaoza, tukahama na jiko. Masalu alicheka hadi akakaa chini. "Mzee Telesfori," akasema, "nyie mpunga mnaujua, lakini ngozi haipigiwi kelele. Si bora umwite Gaspar?"

Nilidhani kutawaka moto. Baba yako alirudi nyumbani, akakaa na mzinga wa ngoma yako mapajani, akawa anapitisha kidole kwenye yale mashuke, shuke baada ya shuke, mpaka uji wake ukapoa.

Tangu siku hiyo ana tabia mpya. Asubuhi kabla ya kwenda shamba anapita kwenye upenu wa ghala, anaigusa ngozi nyingine aliyoianika kivulini, anaibonyeza, anaiacha. Haiharakishi. Juzi Lucia aliunguza wali, nikajua leo hata watu wa Majimoto watasikia. Kaka yangu akala ukoko, akauliza kama upo mwingine. Mimi na mama yako Theopista tulitazamana kama tumeona mgeni. Nimewaza sana, Gaspar. Kosa moja lilikufukuza wewe nyumbani, na yeye imebidi akosee mara nyingi ndipo aone alichokufanyia. Wengine tunachelewa kufundishika.

Ngoma ndogo sasa baba yako ameiwamba. Inalia vizuri, ingawa si kama za kwako. Kubwa bado iko wazi, ingawa ngozi yake imeshatengenezwa. Jumanne mwenyekiti wa kwaya alikuja kusema ataleta fundi aimalizie. Baba yako akainuka, akaiviringisha ile ngozi, akaenda kuiweka juu ya kitanda chako.

"Hiyo ina mwenyewe," akamwambia. "Tutamngoja."

Kuomba radhi kaka yangu hajui, nimezaliwa nimemkuta hivyo. Nadhani hapo ndipo alipofika, na kwa miguu yake ni mbali.

Mama yako anakusalimu, amekuwekea mchele mpya. Lucia anakusalimu, na anakanusha habari za wali. Masalu naye anakusalimu, anasema ukija usimletee soda, mletee nazi, hajawahi kuila.

Mungu akulinde njiani, kama utakubali kushika njia. Ila usije siku ya Misa. Njoo wiki mbili kabla, ili safari hii ngozi ikishawambwa ipate muda wa kukauka kivulini.

Ni mimi shangazi yako, nisiyechoka kukupenda,
Verdiana