Kwa Mume Wangu, na Mguu Wake wa Kushoto

Mume wangu, Baba Zuwena,

Salamu zangu zikufike huko uliko, kwa Mola aliye na huruma nawe kuliko mimi. Jana dada yako alikuja kunitazama, na mbele ya majirani akasema kwamba hakuna mwanamke Ibra nzima aliyekuwa na wivu kunishinda mimi. Sikumjibu, kwa kuwa alikuwa mgeni wangu na kahawa alikuwa hajaimaliza. Lakini wewe nitakwambia. Ni kweli, na wivu wenyewe bado ninao.

Unakumbuka uliponiposa? Shangazi zangu, watu wa Unguja, walinitisha kwamba nyinyi mliorudi Omani kutoka Bujumbura mnapenda wake wawili wawili. Nikakuletea habari mapema kwamba mimi sishirikiani kitu na mtu. Ukacheka, ukaniuliza, "Hata kikombe?" Nikakujibu hata kikombe. Ukanioa hivyo hivyo, tukakaa Ibra, wewe na kazi yako ya baladia, ofisi ya manispaa, mimi na cherehani yangu. Ulipopatikana na ugonjwa wa sukari nilianza kuionea wivu hata chai ya ofisini kwenu, maana nilijua wanakutilia sukari kwa mkono mzito na wewe hukatai.

Kisha ikaja ile harusi ya mjini Sur. Ulikuwa na makubadhi mapya ya ngozi, ukacheza razha, ngoma ya panga, na vijana mchana kutwa kama mwenye miguu ya kuazima. Tuliporudi nyumbani ukayavua, na ncha ya msumari ilikuwa imetokeza ndani, damu imekauka chini ya dole gumba la mguu wa kushoto. Ulinionyesha kwa fahari kidogo. "Si kitu," ulisema, "hata hakikuuma." Nami nikafurahi kwamba hakikuuma. Sikujua kwamba hilo ndilo lililotakiwa kututia hofu.

Baada ya hapo ukabadilika. Ukaanza kuvaa soksi ndani ya nyumba, katika joto la Juni, Ibra. Ukahamia kulala majlis, chumba cha wageni, ukasema kiyoyozi cha chumbani kinakupa kikohozi. Kanzu zako ukazifukiza udi hata ukanukia kuliko bwana harusi, na juu yake ukamimina atari. Na kila baada ya siku mbili tatu, alasiri, ukachukua gari ukasema unaenda kuitazama mitende. Nami nikibaki mlangoni na ile harufu uliyoiacha, nikijiuliza inamwendea nani. Chakula kilinishinda. Nilishona nguo za watu nikazikosea mikono.

Jumatano moja, katika soko letu la wanawake, muuza vitambaa akaniambia bila nia mbaya kwamba gari yenu huiona Al Qabil, mji wa jirani, imesimama mlangoni kwa mjane mmoja. Nilisikia neno mjane tu, mengine yote yakanipita. Kesho yake ulipotoka, nilikodi teksi nikakufuata. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno, na yalikuwa maneno makali.

Mlango ulikuwa wazi. Ulikuwa umekaa kwenye mkeka, kanzu umeipandisha magotini, na mguu wako umelazwa mapajani mwa mwanamke, anaupaka asali na majani ya kusagwa. Alikuwa na umri wa bibi yangu, meno yamembakia ya kuhesabika. Wallahi nilimchukia kana kwamba ni msichana wa miaka ishirini. Laiti ningekukuta naye kitandani, ningejua la kusema. Lakini mguu ule mimi, mkeo, nilikuwa nimenyimwa hata kuuona.

Ndipo harufu ikanifikia, ile ambayo udi wote wa Ibra usingeweza kuifunika. Mguu ulikuwa umevimba unang'aa, chini ya dole kuna tundu, na wekundu umeshapanda kupita kifundo. Mwili wako ulikuwa wa moto. Hukuruka wala hukukasirika.

"Nilikuwa nakuficha harufu, Mama Zuwena," ulisema. "Sikutaka unionee kinyaa."

"Huyu umemwonyesha," nikakwambia, "mimi umenificha."

Ukanitajia kaka yako, aliyeingia hospitali kwa kidole akatoka na mguu mmoja, kwamba wewe hutaki yakukute yale. Bibi yule naye akasema siku nyingi anakusihi uende hospitali, kwa kuwa joto la mguu halimpendezi. Badala ya kumshukuru nikazidi kuchukia kwamba alikuwa akikushauri. Nikakuinua, nikakutia garini na dereva wa teksi akashika usukani wako.

Daktari wa Kisudani alitueleza taratibu. Sukari ilikuwa imeua fahamu za miguu, ndiyo maana msumari uliingia bila kubisha hodi. Vijidudu vikafuata, na dawa ya bibi ilipoziba kidonda juu, vyenyewe vikaendelea kula chini mpaka mfupani. Walikata nyama kidogo wakaipima wajue ni vijidudu gani na dawa gani itaviweza, kisha wakatoa vidole viwili. Aliniambia ungechelewa kidogo tu tungekuwa tunazungumzia mguu mzima, au roho yako. Akaniuliza nani kakuleta. Nikamwambia umeletwa na wivu. Akacheka, akasema, "Basi usiuache, yaa hajja."

Sikuuacha. Yule nesi wa Kihindi aliyekufunga kidonda nilimkazia macho mikono yake hata nikajua kazi yote, kisha nikamnyang'anya. Tangu hapo kila baada ya Magharibi ulikuwa wangu. Beseni, maji niliyoyapima kwa kiwiko kwa sababu mguu wako haukujua moto na baridi, taulo katikati ya vidole, na kioo sakafuni tuutazame unyayo. Viatu vyako niliingiza mkono kabla hujavivaa. Zuwena alipotaka kunisaidia nilimtuma jikoni. Ukinitania kwamba umeoa askari, nami nikikuambia tulia. Hatukuwa na miaka mizuri kuliko ile.

Moyo ndio uliokuchukua, si mguu. Wanaume walipokusanyika kukuosha, kaka yako alisimama mlangoni na mkongojo wake, akaniambia, "Shemeji, wanaume tupo." Nilijua sheria ya dini inanipa haki ya kukuosha mwili mzima, na yeye alijua. Nikamwambia mengine yote nawaachia. Nautaka mguu wa kushoto.

Alitazama pale ulipokuwa mguu wake mwenyewe, akanipisha.

Nikayapima maji kwa kiwiko, nikakuosha, nikakausha katikati ya vidole vilivyobaki. Kisha nikaweka kioo. Unyayo ulikuwa safi, hauna hata mkwaruzo. Niliukabidhi ukiwa mzima.

Sasa wananiambia huko uliko kuna mahurulaini, wanawali wa peponi, wazuri kupita maneno. Sawa. Lakini wakija na beseni lao kutaka kukuosha miguu, waambie wa kushoto una mwenyewe, yuko njiani, na yeye hashirikiani. Hata kikombe.

Mkeo,
Mama Zuwena