Mshika Mlingoti wa Kwihara

Mjukuu wangu Neema, shikamoo yako imefika, marahaba. Hapa Kwihara hakuna aliyewahi kuona mpira kwenye televisheni bila mimi, babu yako. Bibi yako hajambo, na mpunga umekubali.

Unauliza kwa nini nililia kwenye simu ulipotutumia busta ya antena. Ujanani mtaa mzima tulikuwa na televisheni moja, na picha ilitulia nikishika mlingoti wa antena nje tu. Watazamaji ndani walikuwa wakipiga kelele: "Hapo hapo, Maganga, usitikisike!" Magoli yote niliyasikia kupitia dirisha.

Jana fundi kaifunga busta, picha ikatulia yenyewe, nikakaa kitini kutazama mpira kama mkuu wa wilaya. Bibi yako akacheka: "Leo antena imestaafu!" Asante sana, mama.

Ila usimwambie mtu. Penalti ilipotolewa niliogopa picha itakimbia. Goli liliingia mimi niko nje, nimeukumbatia mlingoti.