Baba Mkwe Yuko Kwenye Kochi la Mteja

Mshauri wetu wa redioni, shikamoo, nisaidie leo hii hii maana nimejitia kwenye balaa na mkwe wangu. Mimi ni fundi makochi, na mwaka jana diski ya kiuno ilinitoka kidogo ikabana mshipa wa fahamu, nikawa nasikia moto kutoka tako la kulia mpaka kidole gumba cha mguu, kukaa siwezi, kulala siwezi, hadi mke wangu akanipeleka kwa mtaalamu wa viungo, mama mmoja mwembamba lakini mikono yake, Mungu wangu, akawa ananibonyeza pingili moja moja, ananivuta mguu taratibu, baada ya wiki sita nikapona, na kupona ndiko kulikoniponza, maana nilijiona nimeshahitimu.

Nilianza na jirani yangu muuza viatu, yeye alikuwa amechoka tu, nikambonyeza akasema nina mikono ya baraka, kichwa kikavimba, basi jana baba mkwe, aliyekuja na mama mkwe kututembelea, akapita karakana anachechemea, mguu wa kushoto unawaka, mama mkwe amemwambia mara mia aende hospitali naye amekataa katakata, na mimi badala ya kumuunga mkono mama nikasema "Baba, lala hapa," nikamlaza kifudifudi kwenye kochi jipya la mteja, nikabonyeza, nikavuta, na kwa kuwa sikusikia kitu kikilia nikapanda na goti. Kikalia. Na baba naye akalia.

Tangu hapo hajainuka, wayo una ganzi, kidole gumba akikiamrisha kipande hakipandi, na amenishika shati ananiambia, "Mwanangu, mama mkwe wako akijua, nimekwisha." Nyumbani tumesema amelipenda kochi hataki kuliacha, mke wangu ameleta chakula mlangoni akasema, "Kama amelipenda hivyo si umpe?" Mshauri, niambie nibonyeze wapi arudi sawa, kwa sababu yule mama wa viungo alikuwa na bonyeza moja ya mwishoni ambayo sikuiona vizuri, nilikuwa nimelala kifudifudi.

Mimi, Fundi Makochi.

JIBU

Fundi, weka mikono mfukoni. Kabisa.

Umesomea tiba ukiwa umelala kifudifudi, uso kwenye mto. Ulichokiona kwa wiki sita ni foronya! Najua hukuwa na nia mbaya. Aliyetoka kwenye maumivu yale hutamani kumwokoa kila mtu. Lakini yule mama kabla ya kukugusa alikuuliza maswali, akakugonga goti kwa nyundo, akapima nguvu za vidole vyako. Alikuwa anahakikisha wewe si mtu wa kupelekwa kwa daktari kwanza. Baba mkwe wako ndiye mtu huyo. Kidole kisichopanda ni mshipa unaoumia, na hakuna bonyeza ya mwishoni itakayoufufua.

Muulize sasa hivi, aibu iweke kando: mkojo unatoka kama kawaida? Ana ganzi katikati ya mapaja? Akijibu vibaya, kila saa ina thamani. Akijibu vizuri, bado ni hospitali leo. Usimnyanyue peke yako, umeshamfanyia ya kutosha. Na daktari umweleze yote, goti likiwemo.

Nawe mzee, najua unasikiliza, huna pa kwenda. Mkeo atakusema, tena sana. Ni bora usemwe ukiwa na miguu miwili kuliko kusifiwa ukiwa na mmoja.

Sasa, fundi, barua yako iliyoletwa na bodaboda asubuhi umeiandika kwenye karatasi ya karakana, na namba ya simu iko pale juu. Miaka yote ya kipindi hiki sijawahi kumpigia aliyeniandikia. Leo kabla ya kuingia hewani nimepiga, kumbe simu umeiacha nyumbani, akapokea mkeo. Nimemweleza kila kitu. Ameita gari la wagonjwa na anakuja nalo, yeye na mama yake.

Zima redio, ukafungue mlango.